Presha ya Koti Namba Kumi na Saba

Nimeanza kuandika habari hii mara tatu, na mara zote nimechana karatasi, maana kila nikisoma naona nimejipendelea. Mara ya kwanza nilijifanya mjinga, mara ya pili nilijifanya mwema. Ya tatu sikuimaliza. Sasa naandika jinsi ilivyokuwa, na mahali nitakapokosea, basi ni kukosea kwa mtu aliyeishia darasa la saba, si kwa kutaka kumdanganya mtu.

Nafanya kazi kiwanda cha unga hapa Songea. Sisi wanawake tuko upande wa kufungasha. Unga unashuka kwenye bomba, mmoja anashika kiroba, mwingine anapima, mwingine anashona mdomo kwa mashine, wa nne anapanga. Mimi napanga. Aliyekuwa anashona kwenye meza yetu ni mwanamke wa Mshangano aliyenizidi kama miaka kumi, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada. Ndiye aliyenifundisha kuinua kiroba kwa nguvu za mapaja badala ya kiuno. Mgongo wangu mpaka leo hauumi kwa sababu yake.

Kiwandani kwetu makoti meupe hayaendi nyumbani. Yanafuliwa pale pale, yanatundikwa getini, na kila moja lina namba kifuani na mgongoni. Langu ni ishirini na tatu, la dada lilikuwa kumi na saba. Msimamizi akipita na daftari la mahudhurio haangalii sura, anaangalia namba. Hata angetaka sura asingeiona, kwa sababu nywele ziko ndani ya kofia, mdomo uko ndani ya barakoa, na kilichobaki ni macho yenye kope zilizojaa unga. Kwa hiyo tulikuwa na mtindo wetu. Mtu ameitwa shuleni kwa mtoto, au ana mgeni wa kumpokea stendi, anamwambia mwenzake, "Nivalie." Aliyemaliza zamu yake anavaa koti la mwenzake na kusimama mahali pake saa moja au mbili. Namba inaonekana, daftari linajazwa, kazi inakwenda. Nilivaliwa mara nyingi na nikavaa mara nyingi. Sikuona kwamba ni uongo. Niliona ni kusaidiana, na mpaka leo sijaamua kama nilikosea kuona hivyo.

Mwaka huu uongozi ukatuletea bima ya afya. Tuliitwa wote bwaloni, meneja akasimama akaeleza kwamba hata sisi wa mkataba wa msimu tutapata kadi, mtu na mwenza wake na watoto wanne. Kutakuwa na siku ya kupimwa presha, sukari na uzito. Halafu kila Ijumaa asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kutakuwa na mazoezi ya viungo uwanjani. Hapo kwenye mazoezi watu wakaangua kicheko. Mama mmoja wa meza ya unga wa dona akanyoosha mkono.

"Bosi, mimi nabeba kilo ishirini na tano tangu asubuhi mpaka jioni. Nikianza na kuruka tena, nitaangukia wapi?"

"Utaangukia kwenye bima, mama," meneja akamjibu, na hata wale wasiompenda wakacheka.

Nisije nikamsingizia: siku ile meneja alisema wazi, nikamsikia kwa masikio yangu, kwamba hakuna atakayekosa kazi kwa sababu ya majibu ya vipimo. Ila nyuma yangu kuna sauti ilinong'ona, "Ndivyo wanavyosemaga. Ngojeni mikataba iishe mwisho wa mwezi." Sijui ilikuwa ya nani. Nilisikia maneno yote mawili kwa siku moja, na la nyuma ndilo nililotoka nalo.

Dada alikuwa na presha mwaka wa nne. Pale kazini nilikuwa najua mimi tu, kwa sababu ni mimi niliyemwona akifungua kitambaa na kumeza kidonge nyuma ya stoo. Dawa alikuwa ananunuliwa na mumewe, ambaye mimi namwita shemeji. Shemeji ni mkulima na pia fundi baiskeli, mtu mpole, na kila mwezi alikuwa anaendesha baiskeli mpaka duka la dawa mjini, hata ikinyesha.

Siku ya vipimo walikuja manesi wawili, wakaweka meza mbili bwaloni. Ofisi ilikuwa imewapa orodha ya namba za makoti. Mimi nilipimwa asubuhi meza ya kwanza, nikaambiwa mia na kumi na nane kwa sabini na sita, safi. Baada ya chai dada akanivuta nyuma ya magunia ya pumba.

"Mdogo wangu, nivalie."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nivalie kwenye kipimo."

Nilimwelewa, lakini nikajifanya sijamwelewa ili nipate muda. Akasema, "Mikataba iko mlangoni. Wakiona namba zangu wataniambia nikapumzike nyumbani, na nikishapumzika hawataniita tena. Nina wawili sekondari. Ni kukaa kwenye kiti tu, dakika tano."

Ningeweza kusema kwamba alinilazimisha, lakini hakunilazimisha. Alivua koti, mimi nikavua langu, ndiyo basi. Nilifikiri kidogo sana. Nilichofikiri zaidi ni kidole, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimetobolewa kidole cha mkono wa kushoto kwa ajili ya sukari, kwa hiyo nikajiambia nitoe wa kulia. Hata leo najishangaa jinsi akili yangu ilivyokuwa hodari kwenye jambo hilo dogo, na kwenye kubwa ikalala.

Nesi wa meza ya pili alikuwa binti mstaarabu. Alifunga mkanda mkononi, akatazama kipimo, akanitazama.

"Mama, moyo wako una haraka. Umekimbia?"

"Nimetoka kupanga viroba."

"Tulia basi. Vuta pumzi. Usiwaze kitu."

Nilikaa pale natamani namba ipande, ili nesi aseme hapana, huyu mgonjwa, na mambo yaharibikie hapo hapo. Haikupanda. Mia na ishirini na sita kwa themanini. Akaandika kwenye karatasi ndogo, "kumi na saba", akagonga mhuri, akaniambia, "Safi kabisa, endelea hivyo hivyo." Nikamshukuru.

Dada alipoipokea ile karatasi aliikunja akaitia kifuani, akanipiga kidogo begani. Tukarudi kwenye mashine. Nilidhani imeisha.

Jumamosi iliyofuata aliniita kwao Mshangano. Aliniambia ni jumuiya, wanasali kwake, nije nimsaidie kupika. Nilifika asubuhi, nikakuta wanajumuiya wameketi uani, na ukutani ndani, pembeni ya kalenda ya parokia, shemeji alikuwa ameigongomelea ile karatasi kwa msumari. Baada ya sala alisimama. Si mtu wa maneno mengi, ila siku ile maneno yalikuwa yanamtoka.

"Ndugu zangu, mnajua mama wa nyumba hii alivyosumbuka. Miaka minne vidonge. Mmeomba pamoja nami. Juzi wamempima kazini kwa mashine, wataalamu wenyewe, mhuri huu hapa. Mzima. Mungu ametenda."

Wakapiga makofi, wakaimba. Akina mama wakamkumbatia dada. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la wali, nikamtazama usoni, nikitegemea atanitazama. Alikuwa anatazama chini, anatabasamu. Kisha tukala kuku wa shukrani. Nami nilikula. Paja.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Na vidonge?"

"Ameviacha kuninunulia. Atavinunuaje wakati ameshashukuru? Watu si watasema anamjaribu Mungu?"

"Dada, ule mkono ulikuwa wangu."

"Si najua?" Akasugua sufuria kwa nguvu. "Lakini toka siku ile kichwa hakijaniuma. Labda na mimi nimepona, nani ajuaye? Acha nione."

Nikaacha aone. Hapo ndipo nilipoanza kukosa utulivu, na haujarudi vizuri mpaka sasa. Nilikuwa nikifika nyumbani Bombambili nafagia ua, nikimaliza nafagia tena. Nilikuwa nakaa, nasimama, nafungua daftari, nafunga. Nilichora mstari katikati ya ukurasa, upande huu nikaandika sababu za kusema, upande ule sababu za kunyamaza, nikajitahidi zisipunjane. Upande wa kunyamaza niliandika kwamba ugonjwa ni wake, siri ni yake, ndoa ni yake, mkataba ni wake. Nilitafuta kosa kwenye sababu hizo, sikuliona. Upande wa kusema niliandika jambo moja tu: anaweza kuanguka. Ukurasa ulikuwa umejaa upande mmoja, na upande wa pili una mstari mmoja, na bado sikuweza kuamua.

Wiki ya tatu kadi za bima zikaja, zimechapwa picha zetu. Watu walizitazama, wakachekana sura. Dada aliiweka yake kwenye kitambaa kile kile kilichokuwa na vidonge. Wiki hiyo hiyo nikaanza kuona mishono yake inapinda. Kiroba kilichoshonwa na dada kilikuwa kinajulikana, mstari umenyooka kama umepimwa kwa rula. Sasa mingine ilikuwa inapanda na kushuka. Alhamisi alisimamisha mashine akashika rundo la viroba kwa mikono yote miwili.

"Vipi?"

"Vimulimuli tu machoni. Vinapita."

"Twende hospitali. Kadi si unayo?"

"Kadi inakwenda ofisini, mdogo wangu. Nikitibiwa leo, kesho wamejua. Mkataba ni wiki ijayo. Nikishasaini nitakwenda mwenyewe, nakuapia."

Sijui kama kweli kadi inapeleka habari ofisini. Nilimwuliza baadaye karani wa ofisi ya utumishi akasema hapana, mambo ya ugonjwa yanabaki hospitali. Lakini siku ile hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza.

Ijumaa kwenye mazoezi, msimamizi amevaa raba nyeupe anahesabu moja mbili, moja mbili, dada akaruka kama wengine. Alikuwa anaruka huku ameng'ata meno. Mimi ndiye niliyeshindwa kuruka. Msimamizi akanitania, "Ishirini na tatu, umezeeka leo?" Niliendelea kumtazama dada.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilipanda bodaboda mpaka Mshangano. Nilijua dada yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Nilichagua saa hiyo makusudi, nakiri. Shemeji nilimkuta nyuma ya nyumba amejaza mahindi kwenye gunia juu ya turubai, anayapiga kwa fimbo ili yapukuchuke. Maganda yalikuwa yamemjaa kichwani.

"Karibu shemeji. Dada yako hayupo, yuko kwaya."

"Najua. Nimekuja kwako."

Akaweka fimbo chini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nianze na salamu, nieleze kuhusu makoti, nieleze hofu ya mikataba, ili asimwone mkewe vibaya. Nikakuta yametoka kinyume.

"Ile karatasi ya ukutani si yake. Nilipimwa mimi. Nilivaa koti lake."

Hakuelewa, nikarudia, nikaeleza habari ya kuvaliana. Alikuwa ananisikiliza huku anaokota punje moja moja zilizoruka nje ya turubai na kuzirudisha. Nilipomaliza aliacha kuokota.

"Kwa hiyo siku ile mbele ya jumuiya," akasema taratibu, "mimi nilishukuru kwa presha yako?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukala na kuku."

Angenifukuza ningemwona ana haki. Lakini alisimama, akajikung'uta maganda, akaingia ndani, nikasikia msumari unang'olewa. Akatoka na kitambaa cha mkewe chenye kadi, akapanda baiskeli akaenda moja kwa moja kanisani. Hakuniaga. Naambiwa alimtoa mkewe katikati ya wimbo.

Hospitali ya mjini walimpima mara tatu, mikono yote miwili. Namba sitaziandika kwa sababu sikuziona mwenyewe, ila walimlaza. Alikaa siku nne. Hakuna aliyedaiwa kitu dirishani, kadi ilifanya kazi yake kama meneja alivyosema. Hilo nalo ni haki niliandike.

Jumatatu shemeji alileta ofisini karatasi ya mapumziko. Mimi nilikuwa napanga viroba na mashine ya kushona imekaliwa na mwingine. Saa nne hivi nikasikia msimamizi anamwambia karani wa ofisi ya utumishi, wamesimama karibu na mzani, "Haiwezekani. Kumi na saba presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Wale manesi mashine yao mbovu."

"Nitawaandikia barua," yule karani akasema. "Kama wamekosea kwa huyu, wamekosea kwa wangapi?"

Nilikuwa nimejiahidi kwamba kazini sitasema. Kwa shemeji nilisema kwa sababu yeye ndiye aliyeshika dawa. Kiwanda hakikuwa na haki ya kujua. Lakini nikamkumbuka yule binti aliyeniambia nivute pumzi. Barua ingemwangukia yeye, na yeye alipima sawasawa. Nikaweka kiroba chini, nikaenda pale walipo na barakoa yangu nimeiteremsha.

"Shikamoo bosi. Mashine yao haina kosa. Mkono ndio uliokuwa wangu."

Msimamizi alinitazama, akatazama namba yangu, akanitazama tena. "Mnavaliana?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Nilipoajiriwa nilikuta."

Akafumba daftari lake kama mtu anayeficha kitu. Nilimhurumia. Mahudhurio yote aliyoandika kwa miaka yote yalikuwa humo.

Sisi wawili tulipewa barua ya onyo. Msimamizi aliitwa ndani, sijui aliambiwa nini, lakini tangu hapo anatuita kwa majina, na lazima barakoa ishuke kwanza. Kuvaliana kumekwisha. Wiki hiyo hiyo mama wa meza ya dona mtoto wake alipata homa shuleni, akakosa wa kumvalia, akakatwa nusu siku. Alinipita kwenye bomba la maji akasema, si kwa kunong'ona, "Mtakatifu wetu huyo, mpisheni." Wengine wakacheka. Sikukasirika sana. Kama ningekuwa yeye pengine ningesema zaidi.

Mikataba ilipotoka, wa dada ulikuwemo. Watu wawili walikosa. Mmoja ana sukari. Mwingine hana ugonjwa wowote ninaoujua, na wote wawili walikuwa wanachelewa. Kwa hiyo ile sauti ya nyuma yangu bwaloni siwezi kusema ilidanganya, wala siwezi kusema ilisema kweli. Nimejaribu kupima, imenishinda.

Dada alirudi akaondolewa kwenye mashine ya kushona, akapelekwa chumba cha kubandika lebo, kazi ya kukaa. Ofisi iliona ni wema, na pengine ni wema. Yeye hakuona hivyo. Siku ya kwanza nilimfuata mlangoni.

"Pole dada. Unaendeleaje?"

"Umenikalisha," akasema. Alikuwa anabandika, hainui kichwa. "Mimi mshonaji. Umenikalisha na vibibi. Na ungeniambia mimi kwanza kabla ya kumwendea mume wangu."

"Nilikuambia."

"Uliniuliza. Hukuniambia."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi njiani kurudi Bombambili. Ni kweli niliuliza: na vidonge? Ni kweli pia nilisema mkono ulikuwa wangu. Lakini sikusema nitakwenda kwa shemeji. Nilichagua saa ya kwaya ili nisimkute. Hapo ana haki.

Sasa tunasalimiana. Nikisema "Shikamoo dada" anaitikia "Marahaba", basi. Kuitwa mdogo wangu kumekwisha. Shemeji nikikutana naye mjini anaelekea kituo cha dawa ananipungia mkono akiwa kwenye baiskeli, lakini hasimami.

Juzi manesi walirudi kwa kipimo cha pili, wale wale wawili. Tulipanga mstari kwa majina, sura wazi. Dada alikuwa watu watatu mbele yangu. Alikunja mkono wa blauzi mpaka begani, akakaa, akautoa mkono mezani. Nesi akasubiri mashine itulie, akaandika. Dada aliichukua karatasi, akasimama, akaisoma kwa sauti mstari mzima usikie: mia na thelathini na nne kwa themanini na sita. "Imeshuka," akasema. Wanawake wakamwambia hongera. Alimtazama kila mmoja aliyesema hongera. Nami nilisema, nadhani kwa sauti ya kutosha. Akapita pembeni yangu, macho yake kwenye karatasi aliyokuwa anaikunja, akarudi kwenye lebo zake, na nesi akaniita nikae.